Mota haijafa, breki ndiyo imeng'ang'ania

Kuanzia Agosti hadi minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, karakana yangu hapa Magomeni, Mtwara, hujaa mota. Maghala yanafagiliwa, viwanda vidogo vya kubangua vinafufuka, mashine zilizolala tangu msimu uliopita zinawashwa, na zinazogoma zinapakiwa kwenye guta na kuletwa kwangu zikiwa zimeshahukumiwa: "Fundi, hii imeungua, isuke."

Kusuka mota, yaani kutoa waya zilizoungua ndani na kuzungushia mpya, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo ningekuwa mtu wa tamaa ningezisuka zote na kupokea hela yangu. Lakini nyingi kati ya zile zenye breki mgongoni hazina haja ya kusukwa. Waya za ndani ni nzima kabisa, kilichogoma ni breki. Na hata zile zilizoungua kweli, ukifuatilia vizuri utakuta breki hiyohiyo ndiyo iliyoziunguza. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Mota yenye breki utaitambua kwa urefu. Mota ya kawaida ya fezi tatu huishia kwenye feni na kava lake. Hii nyingine ina kitu kama sahani nene ya chuma kati ya mgongo wa mota na feni, na wakati mwingine mkono mdogo wa chuma unaochomoza juu. Watu huiona sahani ile wakadhani ni kitu cha ziada. Ndiyo maana zinanifikia mota ambazo mtu kaifungua breki, kaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kaniletea mwili mtupu.

Sasa jambo lenyewe, ambalo mafundi wengi wa umeme hulishika kinyume: breki hii haibanwi na umeme. Inabanwa na springi. Kazi ya umeme ni kuiachia. Mota ikiwa imezimwa, iko sakafuni hapa kwangu au iko juu ya mashine, breki imebana. Ukiwasha, koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inakuwa sumaku, inavuta pleti ya chuma dhidi ya springi, diski inapata nafasi, shafti inazunguka. Ukizima, au umeme ukikatika wenyewe, sumaku inakufa na springi zinarudi kubana. Dereva wa lori la korosho anaelewa haya bila mimi kumfundisha: gari likilala upepo ukaisha, asubuhi haling'oki mpaka injini ijaze upepo, kwa sababu springi ndizo zilizoshika magurudumu na upepo ndio unaozirudisha nyuma.

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza kwa nini wasitengeneze breki ya kubana kwa umeme, tukaepukana na mizunguko yote hii. Swali zuri. Jibu ni kwamba siku umeme ukikatika, mzigo ukiwa juu, ndiyo siku unayoihitaji breki kuliko siku zote. Breki inayohitaji umeme ili ishike ni breki ya siku njema peke yake.

Nifungue moja hapa mezani. Kava la feni linatoka, feni inatoka, halafu kuna mpira wa kuzuia vumbi. Chini yake unaona mwili wa koili, wa mviringo, umejazwa gundi ngumu ili waya zisitikisike, na kuzunguka koili kuna matundu yenye springi. Mbele ya mwili huo kuna pleti ya chuma inayoweza kwenda mbele na nyuma tu, haizunguki. Mbele ya pleti kuna diski yenye laini, yaani tabaka la kusugua, pande zote mbili, la jamii ileile ya breki za magari. Diski ina meno katikati, yanaingia kwenye habu, yaani kitovu, iliyofungwa kwenye shafti. Kwa hiyo diski inazunguka na shafti lakini inaweza kuteleza kidogo mbele na nyuma. Mwisho kuna uso wa chuma uliosimama, mara nyingi ni mgongo wa mota wenyewe. Springi zikisukuma, diski inabanwa katikati kama ilivyo na shafti haina pa kwenda.

Siri yote iko kwenye upenyo. Kati ya pleti na mwili wa koili, breki ikiwa imebana, kuna nafasi ndogo ya hewa. Kwa mota za ukubwa ninaoupata hapa, mtengenezaji husema 0.2 au 0.3 ya milimita ikiwa mpya. Naipima kwa fila, vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, sehemu tatu kuzunguka duara, maana ikiwa sawa upande mmoja na pana upande mwingine pleti itavutwa kwa ukingo na kuunguruma. Laini inavyolika, diski inakuwa nyembamba, pleti inasogea mbele kuifuata, na upenyo unapanuka. Hapo sumaku inaanza kushindwa, kwa sababu nguvu yake haipungui pole pole. Ukipanua upenyo mara mbili, mvuto unabaki kama robo. Springi zenyewe ziko palepale na ukali wao.

Kinachofuata ni ugonjwa ninaoutambua kwa simu, kabla mota haijafika. Mwenye mashine ananiambia: "Fundi, asubuhi inafanya kazi vizuri, ikifika saa nane mchana inaunguruma tu, haizunguki." Namwambia usiniletee mota, nakuja na fila. Sababu ni kwamba koili ikipata moto, shaba yake inaongeza ukinzani. Ikipanda nyuzi 60 juu ya ilivyokuwa asubuhi, ukinzani unaongezeka karibu robo, mkondo unapungua karibu moja ya tano, na sumaku ambayo asubuhi iliweza kwa shida sasa haiwezi. Ongeza na umeme wa jioni unaokuja na volti pungufu. Mota inapewa umeme wote, inasukuma shafti iliyoshikwa, mkondo unapanda, na kama ovalodi, swichi ya kuilinda mota isizidiwe na mkondo, iko sawa inakata. Ovalodi ikishakata mara kadhaa, mtu mwerevu anaifunga kwa waya ili "isisumbue". Jioni hiyo nasikia harufu ya vanishi mpaka huku.

Mbaya zaidi ni breki iliyofunguka nusu. Mota inazunguka, kwa hiyo hakuna anayeshuku, lakini laini inasugua muda wote. Weka mkono kwenye kava la feni, kama ni la moto kuliko mwili wa mota, umeshapata jibu. Njia yangu ya kwanza kabla ya kifaa chochote ni masikio. Zima kila kitu, washa, sikiliza. Breki nzima inapiga "ta!" kavu, mara moja, kabla shafti haijaanza. Usiposikia, au ukisikia mtetemo kama nyuki, usiendelee kuwasha.

Halafu kuna rektifaya, kitu kidogo cheusi ndani ya kiboksi cha kuunganishia nyaya. Koili hizi nyingi ni za umeme wa moja kwa moja, ule wa betri, wakati umeme wetu ni wa kupishana, volti 230 kwa fezi moja na 400 kati ya fezi. Rektifaya ndiyo inayogeuza. Lakini zipo za aina mbili na hapa ndipo watu wanaumia. Ya nusu wimbi inatoa kama asilimia 45 ya volti inayoingia, hivyo 230 inakuwa 103 hivi. Ya wimbi zima inatoa asilimia 90, hivyo 230 inakuwa kama 207. Kwenye kibati cha koili utaona imeandikwa 103 au 205, au 180 kwa zile zinazolishwa 400 kupitia nusu wimbi. Namba hizo si za mapambo.

Mwaka juzi ililetwa mota ya mashine ya kupandishia korosho ghafi, breki imeungua mpaka gundi imechemka ikamwagika. Rektifaya ya awali ilikufa, fundi mmoja akaenda duka la vifaa vya redio akanunua daraja la daiodi nne, ambalo ni la wimbi zima, akaliweka. Daraja lilikuwa jipya na zima. Tatizo ni kwamba koili ilikuwa ya volti 103, yeye akaipa 207. Volti ikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne: koili ya wati 40 ikawa inakula wati 160 ndani ya sahani isiyo na pa kupumulia. Siku ya kwanza breki iliruka vizuri kuliko zamani, wakampongeza. Siku ya pili ikaungua. Koili ya namna ile, ya volti 103 na wati 40, ikiwa nzima inasoma omu 265 hivi kwenye mita. Ile ilisoma sifuri.

Nguvu ya breki nayo ina hesabu yake, na haiko mbali na shule ya sekondari. Kuna ghala moja lina kanda la mteremko la kupandishia magunia kwenye malori. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80. Kanda likibeba magunia kumi kwa wakati mmoja, ni kilo 800, kwenye mteremko wa nyuzi 30. Nusu ya uzito huo inavuta kuelekea chini, karibu niutoni 3,900. Ngoma ya kanda ina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo mzigo unaisokota kwa niutoni mita 590 hivi. Ukimwambia mtu atafute breki ya kushika 590 atakuonyesha dude la kubebwa na watu wawili. Lakini breki haiko kwenye ngoma, iko kwenye mota, na katikati kuna gia boksi ya 40 kwa 1. Huku nyuma mzigo unafika ukiwa niutoni mita 15 tu. Nimeacha msuguano wa gia, ambao wakati wa kushika unatusaidia. Breki ya niutoni mita 32 inatosha na inabaki. Mota ya kilowati 4 inayozunguka mara 1,430 kwa dakika ina nguvu ya kuzungusha ya niutoni mita 27 hivi. Kwa mashine za kuinua mzigo wima, mimi sikubali breki iliyo chini ya mara mbili ya nguvu hiyo ya mota. Mtu asije akaniambia gia za skurubu hazirudi nyuma zenyewe. Zikitikisika, na grisi ikiwa mpya, zinarudi.

Kanda hilo nililijua kwa sababu ya malalamiko: umeme ukikatika, magunia yanarudi nyuma kidogo ndiyo yanashikwa, kwa kishindo, na mpakizi aliyesimama chini anaruka pembeni. Laini ilikuwa nzima, upenyo sawasawa. Kasoro ilikuwa ni jinsi waya zilivyofungwa. Rektifaya ilichukua umeme kwenye vituo vya mota, pale nyaya zake zinapoungwa, moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo ilivyo rahisi. Umeme ukikatika, mota inayoendelea kuzunguka inazalisha umeme kidogo kwa muda mfupi, unailisha koili. Juu ya hapo, mkondo uliomo ndani ya koili unazunguka kupitia daiodi za rektifaya na kufa taratibu. Sumaku inachelewa kuachia, mzigo hausubiri. Dawa yake ni kuikata njia ya umeme ule uliokwishageuzwa, upande wa pili wa rektifaya. Nikapitisha waya mmoja wa koili kwenye mguso wa kontakta, swichi kubwa inayoiwasha mota. Kontakta ikiachia, na koili inakatwa palepale. Kukata hivyo kunatoa mruko mkali wa volti, kwa hiyo lazima pawe na varista ya kuumeza, la sivyo mguso utaungua na daiodi zitapasuka.

Siku nipo pale, msimamizi, kijana mwenye heshima zake, alikuja.

"Shikamoo mzee. Samahani, si uitoe tu hiyo breki, mota izunguke, tupakie? Malori manne yanasubiri."

"Marahaba mwanangu. Naitoa, ila wewe usimame pale chini ya kanda mpaka jioni."

Alicheka, akaenda kuwaambia madereva wakanywe chai.

Siku hizi kumeingia inveta, na zimeleta ugonjwa mpya. Mwenye kiwanda anafunga inveta ili aongeze na kupunguza mwendo, mambo ni mazuri, lakini breki imebaki imeunganishwa kwenye vituo vya mota kama zamani. Inveta ikianza kwa mwendo mdogo inatoa volti ndogo. Volti ndogo haifungui breki. Mota inasukuma ukuta, inveta inaandika hitilafu, watu wanasema inveta ni feki. Breki kwenye mfumo wa inveta lazima ipewe umeme wake wenyewe, na inveta iiamrishe kwa rilei yake, yaani swichi yake ndogo. Tena kwa mpangilio: kwanza mota ipate nguvu ya kuushika mzigo, ndipo breki ifunguke. Wakati wa kusimama, mota ipunguze mwendo mpaka sifuri, ndipo breki ibane. Ukigeuza mpangilio huo kwenye winchi, mzigo unadondoka kidogo kila unapowasha, na watu wanazoea, jambo ambalo ndilo linaloniogopesha.

Hapo tunafika kwenye tofauti ambayo wengi hawaijui. Kuna breki ya kusimamisha na breki ya kushikilia. Ya kushikilia imetengenezwa kukishika kitu ambacho tayari kimesimama. Inaweza kusimamisha kwa dharura mara chache, lakini ukiifanya iwe ndiyo breki ya kila siku, kila kusimama kunageuka joto na unga wa laini. Mota ndogo za savo, zile za mashine za kufungasha na za kuchonga vyuma kwa kompyuta, breki zake karibu zote ni za kushikilia tu, za volti 24. Baadhi yake hazina springi kabisa. Zina sumaku ya kudumu inayoshika, na koili inatengeneza sumaku ya kuipinga ile ya kwanza. Kwenye hizo, waya chanya na hasi si suala la hiari. Ukizigeuza, koili inaisaidia sumaku badala ya kuipinga, breki inabana zaidi, na wewe unakaa unapima volti 24 safi kabisa huku ukijiuliza umerogwa na nani.

Mtwara ina mambo yake. Upepo wa bahari unakula chuma, na mota iliyokaa miezi ya masika bila kuwashwa, hasa maghala ya karibu na maji, inaota kutu kati ya diski na uso wa chuma. Breki inagandana. Koili inavuta pleti vizuri kabisa, "ta!" unaisikia, lakini diski imeshikamana na chuma kwa kutu. Hapo hakuna cha kusuka. Fungua, sugua kwa msasa laini uso wa chuma, usiguse laini, pangusa, rudisha, pima upenyo. Mashine zisizotumika ningependa ziwashwe dakika chache kila baada ya wiki kadhaa, lakini nani atalipia umeme wa ghala tupu?

Adui wa pili ni mafuta ya maganda ya korosho. Yale meusi, makali, yanayobabua mikono ya wabanguaji. Vumbi lake lenye mafuta likipenya mpira wa kuzuia vumbi, laini inang'aa kama kioo na breki inateleza. Laini iliyolowa mafuta siisafishi kwa petroli, naibadilisha, maana mafuta yamo ndani yake. Kinachonichekesha ni kwamba mafuta hayohayo, yakishapikwa kiwandani na kugeuzwa unga mgumu, ni moja ya malighafi za kutengenezea laini za breki, kwa sababu unga wake unastahimili joto na kusaidia laini ishike bila kukwaruza. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, maganda na mafuta yake yamo ndani ya gunia. Halafu mimi naagiza diski ya breki, inakuja na basi kutoka Dar, nailipia na nauli. Wenye kupanga uchumi walifikirie hilo, mimi nafunga nati.

Kuhusu ule mkono wa chuma unaochomoza: ni wa kuifungua breki kwa nguvu za mkono umeme ukiwa haupo, ili ushushe mzigo polepole au uzungushe shafti wakati wa matengenezo. Umewekewa springi ili ukiuachia urudi. Nimeukuta umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, breki imeachiwa daima, kwenye winchi inayopita juu ya vichwa vya watu. Aliyefunga alikuwa na sababu yake, kwamba breki ilikuwa inasumbua kufunguka. Upenyo ulikuwa umefika zaidi ya milimita moja. Kuurudisha kulihitaji spana, ufunguo wa aleni, fila, na nusu saa.

Kwa hiyo ukiniletea mota yenye breki, lete na breki yenyewe, hata kama unaamini imekufa. Lete na rektifaya yake, usikate waya zake, na piga picha kiboksi cha nyaya kabla hujafungua chochote. Niambie inagoma saa ngapi, ikiwa ya baridi au ya moto, na kama kuna inveta. Kibati cha koili usikipake rangi. Nikishapima omu na upenyo nitakwambia kama kuna kazi ya kusuka au ni ya kukaza nati tu, na bei ya kukaza nati unaijua.